Jina Lisilokuwemo Katika Orodha ya Maombi

Tuliopita katika vyuo vya theolojia tulikutana na Dietrich Bonhoeffer mapema, na washarika wengi nao wamelisikia jina lake mimbarini: mchungaji Mlutheri wa Ujerumani aliyempinga Hitler, akafungwa Aprili 1943, akanyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Tumezoea kuyasifu maandiko yake ya gerezani. Habari ambayo hatuisemi sana ni hii: katika kipindi chote cha kifungo chake, jina lake halikuwemo katika orodha ya wafungwa ambao kanisa lake liliwaombea.

Orodha hiyo ilikuwapo kweli, na ilikuwa moja ya mambo mazuri ya kanisa lile. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, wako Wakristo waliokubali kanisa litawaliwe na fikra za chama chake, na wako waliokataa. Waliokataa walikutana Barmen mwezi Mei 1934, na kundi lao likaitwa Kanisa la Ungamo. Polisi wa siri walianza kuwakamata wachungaji wao, kuwafukuza katika sharika zao, kuwakataza kuhubiri. Kanisa la Ungamo likaandaa orodha ya majina, na katika ibada majina hayo yalisomwa na kuombewa moja moja. Martin Niemöller alipokamatwa tarehe 1 Julai 1937, washarika wake wa Dahlem, Berlin, walikusanyika kila siku kumwombea. Ni yeye, na wengine kama Paul Schneider, aliyefia Buchenwald mwaka 1939, ambao orodha ile iliwashika mbele za Mungu na mbele za watu. Tusilipite jambo hili haraka. Serikali inayomfunga mtu kwa dhuluma hutaka asahaulike, na kusoma jina lake kwa sauti kanisani ni kuikatalia.

Bonhoeffer mwenyewe aliifahamu kazi hii kwa upande wa nje ya ukuta. Alikuwa mkuu wa chuo kidogo cha wachungaji huko Finkenwalde, ambacho polisi walikifunga mwaka 1937. Kufikia mwisho wa Novemba mwaka huo, wanafunzi wake wa zamani 27 walikuwa wamepitia mikononi mwa polisi. Aliwaombea, na kwa barua za mzunguko aliwajulisha wenzao nani yuko wapi.

Basi kwa nini yeye aliachwa? Kwa sababu kesi yake haikuwa safi. Hakukamatwa kwa kuhubiri. Kwa msaada wa shemeji yake, Hans von Dohnanyi, alikuwa ameingizwa katika idara ya ujasusi ya jeshi, mahali ambapo maofisa kadhaa walikuwa wakipanga kwa siri kumwondoa Hitler. Watu wa idara hiyo walikuwa pia wamewavusha watu 14, wengi wao Wayahudi, hadi Uswisi wakiwa na hati za kijasusi, na fedha zilizotumwa nje kwa ajili yao ndizo zilizoanzisha uchunguzi. Mashtaka ya kwanza dhidi ya Bonhoeffer yalihusu kukwepa utumishi wa jeshi. Sasa mchungaji wa namna hiyo utamweka wapi? Hakufungwa kwa ajili ya Injili kama watu walivyoielewa Injili. Alifungwa kwa mambo ya serikali, jeshi na fedha. Orodha haikuwa na mahali pa mtu kama yeye.

Mtu anaweza kusema kwamba kumtaja kungemhatarisha zaidi. Inawezekana. Lakini hatuoni kwamba hilo ndilo lililoamua. Lililoamua ni mpaka uliokuwa umechorwa katika fikra za watu wema: huyu amefungwa kwa imani, ni wetu, yule amefungwa kwa mambo mengine, aombewe na jamaa zake.

Na jamaa zake ndio walioifanya kazi. Ndugu msomaji, tunataka tukae kidogo hapa, maana tukisema mtu "alitiwa moyo na familia yake" tunakuwa hatujasema kitu. Tuangalie walifanya nini hasa.

Tarehe 5 Aprili 1943, Bonhoeffer alipiga simu nyumbani kwa Dohnanyi, ikapokelewa na sauti ya mwanamume asiyemjua. Akaelewa kwamba nyumba ile tayari imeingiliwa. Hakukimbia. Alikwenda nyumba ya jirani kwa dada yake, Ursula Schleicher, naye dada akampikia chakula kingi ashibe kwanza. Kisha akarudi kwa wazazi wake kupanga karatasi zake. Saa kumi alasiri baba yake akaja kumwambia kuna watu wawili wanataka kuzungumza naye. Huduma kwa mfungwa huyu ilianza hivyo, kwa sahani ya chakula kabla ya pingu. Kina mama wa sharika zetu watamwelewa Ursula bila maelezo.

Alipelekwa gereza la kijeshi la Tegel, Berlin. Baadaye aliandika taarifa juu ya hali ya gereza lile, na kutoka hapo tunajua alivyopokelewa. Mablanketi yalinuka kiasi kwamba hakuweza kujifunika. Asubuhi mkate ulitupwa ndani, ukaanguka sakafuni. Askari walikatazwa kuzungumza naye. Hali iliendelea hivyo siku 12. Kisha ikajulikana gerezani kwamba kamanda wa jeshi wa mji wa Berlin, Jenerali Paul von Hase, ni mjomba wake. Ghafla watu wakawa na adabu. Chumba kikasafishwa, akaletewa chakula zaidi ya wengine. Bonhoeffer aliona aibu na akakikataa chakula cha ziada, kwa kuwa kilitoka katika fungu la wenzake. Lakini jambo lenyewe alikuwa ameliona: mfungwa anayejulikana kuwa ana mtu nje hatendewi kama yule asiye na mtu. Wengi katika vyumba vya jirani hawakuwa na mjomba jenerali, wala yeyote wa kuuliza habari zao langoni.

Barua yake ya kwanza kwa wazazi ni ya tarehe 14 Aprili. Anawatuliza, kisha anaomba vitu: ndara, kamba ndefu nyeusi za viatu, dawa ya viatu, karatasi na wino, sabuni ya kunyolea, sindano na uzi, suti ya kubadilisha. Tunaopenda theolojia yake huenda tukaruka mistari hiyo tufike kwenye mawazo mazito, nasi tunaona hiyo ni hasara. Mtu huvuliwa utu kwa vitu vidogo, na kwa vitu vidogo hurudishiwa. Mwenye sindano anaweza kushona kifungo chake mwenyewe.

Ruhusa ilikuwa barua moja kila baada ya siku kumi, ukurasa mmoja, na mpelelezi wa kesi aliisoma kabla haijatoka. Vifurushi vilipelekwa langoni karibu kila juma. Nguo chafu zilitoka, safi zikaingia. Pamoja nazo viliingia vitabu, tumbaku na chakula kilichobanwa katika mgao wa wakati wa vita, maana kila kitu kilipatikana kwa kadi na kila kilichoingia kifurushini kilikuwa kimetoka mezani kwa mtu. Mabomu yalikuwa yakiangushwa Berlin usiku, na gereza lilikuwa karibu na kiwanda cha Borsig kilichotengeneza vichwa vya treni. Baada ya kila shambulio swali lilikwenda pande zote mbili: wazazi wako hai? mtoto yuko hai? Baba, Karl Bonhoeffer, daktari wa magonjwa ya akili na profesa mwenye heshima nchini, alikuwa na umri wa miaka 75. Yeye na mkewe Paula walizunguka na mabegi ya nguo kama wazazi wengine wote wa wafungwa.

Vitabu vilikuwa na kazi ya pili. Jina la mwenye kitabu katika ukurasa wa mwanzo likiwa limepigwa mstari, maana yake ndani mna ujumbe. Kila baada ya kurasa kadhaa, chini ya herufi moja palikuwa na alama hafifu ya penseli. Ukiziunganisha herufi hizo unapata sentensi. Kwa njia hii familia iliwajulisha yeye na Dohnanyi nani amehojiwa nini na amejibu nini, ili maneno yao yasigongane mbele ya mpelelezi. Mtu anaweza kuuliza kama ni halali kwa Wakristo kufanya hila ya namna hii. Sisi tunasema mahali ambapo ukweli ungepeleka watu kwenye kitanzi cha dhalimu, wajibu wa kusema kila kitu hauko sawa na ule wa mezani nyumbani. Bonhoeffer mwenyewe alianza insha juu ya maana ya kusema kweli akiwa mle mle gerezani.

Mchumba wake, Maria von Wedemeyer, alikuwa na miaka 18 walipochumbiana Januari 1943. Alikuwa bado na msiba. Baba yake na kaka yake walikuwa wamekufa vitani upande wa mashariki mwaka uliotangulia. Mara ya kwanza kumwona mchumba wake kifungoni ilikuwa tarehe 24 Juni 1943, mpelelezi akiwapo. Tangu hapo alikuja takribani mara moja kwa mwezi, safari ndefu za treni wakati wa vita kwa ajili ya dakika chache mbele ya mlinzi. Nyumbani alichora mstari wa chaki kuzunguka kitanda chake, kwa ukubwa wa chumba cha gereza. Na Krismasi ya 1943 alibeba mti wa Krismasi hadi Tegel, mkubwa mno. Ungeingia chumbani kwa mfungwa kama kitanda kingetolewa nje. Walicheka wote, pamoja na walinzi, na mti ukaishia katika chumba cha walinzi, na mfungwa akakaribishwa huko kuutazama. Zawadi isiyofaa kabisa, na pengine hakuna iliyofaa kuliko ile.

Kuanzia Novemba 1943 njia nyingine ilifunguka. Baadhi ya walinzi walikubali kutoa barua bila kupita kwa mpelelezi. Mmojawapo alikuwa koplo aitwaye Knobloch. Kwa mikono yao zilipita barua kwa rafiki yake Eberhard Bethge, ambaye baadaye alikuwa askari huko Italia, na ndizo zilizokuja kuwa kitabu kinachosomwa dunia nzima tangu 1951. Juu ya mawazo ya kitheolojia yaliyomo vimeandikwa vitabu vingi, hatutaongeza. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba Bethge alijibu. Alimweleza habari za vita na za ndoa yake, alimuuliza maswali, alimpinga alipoona haja, alimwomba ushauri. Hakumwandikia kama mtu anayemwandikia mgonjwa. Bethge alikuwa amemwoa Renate, binti wa Ursula, Mei 1943, na mjomba akaandika hubiri la ndoa akiwa gerezani. Mtoto wao alipobatizwa Mei 1944, aliitwa Dietrich, na mfungwa akaandika mawazo yake kwa siku ya ubatizo. Familia haikungoja atoke ndipo arudi katika nafasi yake ya mjomba na mchungaji. Waliendelea kumpa kazi.

Tunalitaja hili kwa kuwa liko karibu nasi. Ziko sharika ambako kwaya huenda gerezani kila Krismasi na sabuni na biskuti, jambo la kumshukuru Mungu, huku msharika wao wenyewe aliyeko mahabusu kwa kesi ya fedha za ushirika au kwa kugonga mtu na gari hatajwi popote. Katika sala ya kanisa wanaombewa "wafungwa wote". Mkewe anakuja ibadani, anakaa nyuma, na hakuna anayemuuliza siku ya kuonana ni lini wala nauli inatoka wapi. Mtoto anapokea Kipaimara, na hakuna aliyefikiri kumwomba baba aandike hata mistari mitatu isomwe siku hiyo. Watu hawafanyi hivyo kwa ukatili. Wanangoja hukumu wajue kama ni mwema au mbaya. Lakini Bwana wetu katika Mathayo 25 alipojihesabu miongoni mwa waliofungwa hakutaja kosa lililowaingiza humo. Na Paulo, katika barua ya pili kwa Timotheo, anamkumbuka Onesiforo kwa mambo mawili: kwamba hakuionea haya minyororo yake, na kwamba alipofika Rumi alimtafuta kwa bidii mpaka akampata. Kutafuta kwa bidii ni kazi ya miguu. Ni kuuliza lango hili na lile, kuambiwa njoo kesho, na kesho kurudi.

Kanisa halikukosekana kabisa Tegel. Alikuwapo mchungaji wa gereza, Harald Poelchau, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1933 na kukaa mpaka mwisho, akiwasindikiza watu zaidi ya 1,000 hadi kifo. Poelchau hakuuliza mtu yuko orodha gani. Helmuth James von Moltke alipokuwa Tegel kuanzia mwisho wa Septemba 1944, Poelchau alimpelekea barua za mkewe Freya na kutoka na majibu, karibu kila siku, hadi Moltke alipouawa tarehe 23 Januari 1945. Kama angekutwa na barua moja tu mfukoni, angewafuata wale aliowasindikiza. Hakukutwa. Zile barua Moltke alizomwandikia mkewe, Freya alizificha katika mizinga ya nyuki shambani kwao, na zipo hadi leo.

Jaribio la kumuua Hitler la tarehe 20 Julai 1944 liliposhindwa, mambo yalibadilika. Mjomba von Hase aliuawa tarehe 8 Agosti. Knobloch akapanga kumtorosha Bonhoeffer: wangetoka langoni pamoja, mfungwa akiwa amevaa nguo za fundi. Mwishoni mwa Septemba familia ya Schleicher ilimpelekea koplo yule kifurushi cha nguo, fedha na kadi za chakula. Lakini siku chache baadaye kaka yake Bonhoeffer, Klaus, alikamatwa, kisha shemeji yake Rüdiger Schleicher, baba wa Renate. Bonhoeffer akaona akitoroka, watakaolipa ni hao. Akautupa mpango. Hapa ndipo uhusiano na nyumbani ulipogeuka kuwa mzigo kwake. Waliomshika mkono ndio waliofanya asiweze kuondoka. Bethge naye alikamatwa Oktoba. Kabla ya hapo aliziteketeza barua za karibuni zaidi, na zile za awali zilikuwa zimefukiwa katika bustani ya Schleicher ndani ya makopo ya barakoa za gesi.

Tarehe 8 Oktoba Bonhoeffer alihamishiwa mahabusu ya polisi wa siri mtaa wa Prinz-Albrecht, na njia karibu zote zikafungwa. Vifurushi viliendelea. Barua zilizotoka huko ni chache mno. Moja ni ya Maria, ya tarehe 19 Desemba 1944. Moja ni ya mama yake. Ya mwisho ni ya wazazi, tarehe 17 Januari 1945, ambamo kati ya mambo mengine anaomba dawa ya meno na kahawa kidogo. Kwa siku yake ya kuzaliwa, tarehe 4 Februari, walimpelekea kitabu cha Plutarki, mwandishi wa kale wa Kiyunani. Siku tatu baadaye aliondolewa Berlin bila wao kuambiwa. Walipokuja tena na kifurushi, hakuwapo.

Maria alisafiri kumtafuta. Alifika mpaka Flossenbürg mwezi Februari, akatembea kwa miguu kama kilomita 7 akiwa na sanduku zito la nguo za baridi. Akaambiwa hayupo. Walisema kweli, maana wakati huo alikuwa Buchenwald. Akageuka na sanduku lake, kilomita zilezile.

Tarehe 8 Aprili 1945, Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, Bonhoeffer alikuwa na wafungwa wengine katika jengo la shule kijijini Schönberg. Walimwomba awaongozee ibada, akawaongozea. Alipokuwa amemaliza, watu wawili wakaja kumchukua. Aliacha salamu kwa rafiki yake, Askofu George Bell wa Chichester, Uingereza. Na kile kitabu cha Plutarki alikiandika jina lake na anwani ya kwao kwa penseli butu, mara tatu, mwanzoni, katikati na mwishoni, akakiacha pale. Baada ya miaka kitabu kilifika kwa familia. Alinyongwa asubuhi iliyofuata. Klaus na Rüdiger walipigwa risasi majuma mawili baadaye, Warusi wakiwa tayari wanaingia Berlin.

Hakuna aliyewaambia wazazi. Walikaa katika nyumba yao ya mtaa wa Marienburger, mji ukiwa magofu na posta haifanyi kazi, wakingoja. Tarehe 27 Julai 1945 ibada ya kumbukumbu ilifanyika katika kanisa la Holy Trinity jijini London, katika nchi iliyokuwa vitani na Ujerumani mpaka Mei ya mwaka huo. Askofu Bell alihubiri. BBC iliirusha ibada ile hadi Ujerumani, na wazee wale wawili wakiwa kando ya redio walisikia jina la mtoto wao likitajwa katika maombi ya kanisa.